Mizinga ya Kuachia Kazi

Kazi yangu ni kutia mkono ndani ya robota la tumbaku mpaka kwapani, kupapasa, kuchomoa majani ya katikati, kuyanusa, halafu kusema kama robota lipite au lirudi. Nimeifanya katika ghala moja hapa Tabora mjini kwa misimu mingi, na naona aibu kuihesabu. Wakulima wengi ni waungwana, lakini mwungwana mwenye shida naye huongeza uzito. Nimeshika mchanga humo ndani. Nimeshika vipande vya mgomba vilivyooza, matambara ya jikoni, na mawe yaliyofungwa vizuri kwa majani ya daraja la kwanza kama zawadi. Siku moja nilishika panya, na alikuwa hajakauka. Nilitoka nje nikatapika, nikanawa, nikarudi, kwa sababu marobota mengine yalikuwa yamepangwa ukutani yananingoja.

Nayasema haya ili nisionekane mvivu. Nilipoanza kutafuta njia ya kustaafu kabla sijafika hamsini, sikuwa nafuata mtindo wa watu wa mjini. Nilikuwa nimechoka kunuka.

Tumbaku iliyokaushwa ina ulimbo. Unaganda vidoleni, unageuka mweusi, na sabuni ya mche inapita juu yake tu. Vumbi lake linaingia puani, ukipenga kamasi inatoka ya kahawia. Jasho la mchana unalala nalo na asubuhi shuka lina rangi. Binti yangu alipokuwa mdogo alikataa chapati nilizokanda. Hakulia wala hakusukuma sahani. Aligeuza uso pembeni taratibu, kidevu kikagusa bega, akasema, “Mama, chapati zinanuka kazini.” Nikacheka mbele yake. Baadaye nikaenda kukaa uani peke yangu, nikajinusa mikono, na sikusikia kitu.

Sikusikia kwa sababu pua yangu ilikwisha kuzoea, na hilo ndilo lililonipa heshima ghalani. Pua ambayo bado inasikia tumbaku haifai kitu kule, maana mwenye nayo anasikia tumbaku tu mchana kutwa. Ya kwangu ilikuwa inasikia kile ambacho si tumbaku: ukungu, unyevu, mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye gari, mkojo wa paka. Ningefungua robota nikasema “hili lina ukungu ndani,” wakalikata, ukungu ukaonekana. Nikisema “safi,” hakuna aliyerudia kukagua. Msimamizi wetu alikuwa akinisifu mbele ya wageni namna mtu anavyosifu mbwa wa kuwindia, nami nilikuwa nachukia, na nilikuwa natabasamu.

Sina pensheni ya maana. Sisi tunaandikishwa kwa msimu, na msimu ukiisha kila mtu anarudi kwao mpaka aitwe tena. Mwenzangu aliyenifundisha kazi alikohoa miaka yake ya mwisho yote ghalani, na siku aliyoshindwa tena kupanda ngazi wakamuaga kwa soda na kitenge. Kitenge! Alikikunjua mbele yetu, akakipima kwa macho, akaona hakifiki doti. Nilimtazama nikasema moyoni, mimi sitasubiri cha kwangu.

Basi nilipoona tangazo la semina ya uhuru wa kifedha katika ukumbi mmoja wa Gongoni, karibu na ninapopanga, nilikwenda. Kiingilio tulilipa mlangoni. Mhadhiri alikuwa kijana aliyetoka Dar, suti imembana, viatu havina soksi. Alituambia tuache kuifanyia kazi pesa, pesa itufanyie kazi sisi. Alitueleza kwamba tukiacha chai ya maziwa ya kila asubuhi tutastaafu matajiri. Mama mmoja wa karanga alimwuliza, “Mwanangu, na ambaye hanywi hiyo chai aache nini?” Watu wakaangua kicheko, yeye akanywa maji ya chupa na kuendelea. Alimaliza kwa kututupia methali, haba na haba, fuata nyuki, akiba haiozi, zile zile tulizochapiwa fimbo shule ya msingi. Nilitoka nimechafukwa na roho. Lakini kitu kimoja alichosema kilinishika, nacho ni hati fungani: unaikopesha serikali, inakulipa faida kila baada ya muda, na fedha yako inabaki. Hilo niliondoka nalo.

Ile “fuata nyuki” nayo ilinikumbusha kwamba kwetu ni Ipole.

Kwa asiyejua, Ipole iko wilaya ya Sikonge, kusini ya Tabora mjini, na watu wake wanaishi kwa vitu viwili, tumbaku na asali. Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alikuwa na vyote viwili. Nilimfuata nikamweleza shida yangu bila kuificha: nataka mizinga, niiongeze kila mwaka, nisile faida yake hata senti, mpaka siku itakapokuwa mingi kiasi cha mavuno ya msimu mmoja kununua hati fungani. Baada ya hapo ningekula faida ya serikali na asali ya miaka inayofuata, na mguu wangu usingekanyaga ghala tena.

“Unataka kuacha kazi ungali na nguvu?” aliuliza mjomba.

“Nataka kuiacha ili nguvu zibaki.”

Alicheka, akatema mate, akasema nyuki hawana haraka lakini hawana majungu. Tukakubaliana.

Mzinga wetu una alama. Kila ukoo una yake, imechongwa kwa shoka mwilini mwa mzinga, na mtu anayekuta mzinga wenye alama ya mwingine anapita kama hajauona. Ya kwetu ni mikato miwili inayopishana. Kwenye mizinga yangu mjomba aliongeza mkato mfupi pembeni, akaniambia huo ndio mimi. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Kila malipo ya msimu yalipoingia, nilitoa fungu la mizinga kabla sijalipa kodi ya nyumba. Nilijiondoa kwenye kikoba cha wenzangu ghalani, ambako hela zilikuwa zinaliwa na mwenyekiti na maneno tunayapata sisi. Michango ya harusi nilitoa nusu, na nikasemwa nusu nyingine. Asali ya kila mwaka mjomba aliiuza pale pale barabarani kwa makopo, na fedha zikarudi msituni zikawa mizinga.

Msituni kwenyewe sijawahi kufika. Wanaoingia kurina hulala kambini mbali na wake zao, na mwanamke hafiki huko. Wanasema akifika nyuki wanakuwa wakali au wanahama kabisa. Ni mizinga yangu, kwa fedha iliyonitoa kamasi ya kahawia, na siruhusiwi kuitazama ikining'inia. Nilimwambia mjomba huo ni upuuzi. Akanijibu kwamba upuuzi ndio, lakini nyuki ndio wanaouamini. Nikaliacha hapo, maana mwenye kupanda mti ni yeye.

Mwaka ambao mizinga ilifikia idadi niliyoitaka, miti ya miombo ilichanua vizuri na mjomba akaniletea habari kwamba mavuno ni makubwa, hajapata kuona. Safari hii hatukuwa tunauza kwa makopo. Mjini kuna mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, duka lao ni la tangu babu yake alipokuja akifuata njia ya misafara, naye hukusanya asali na kuipeleka Dar. Alikuwa ameniambia nisiuze wakati kila mtu anauza. Nikae nayo mpaka asali iadimike, ataichukua yote kwa mkupuo. Nikamwambia mjomba atunze.

Kutunza asali nyingi kijijini ni shughuli. Ukiiweka kwenye nyumba yenye matundu, nyuki wanaifuata, na wezi nao wana pua. Jengo lisilo na dirisha, lisilopitisha hewa, lenye mlango wa kufuli, kwa mjomba lilikuwa moja tu: bani, kile kijumba kirefu cha matofali cha kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Ukaushaji ulikwisha, bani lilikuwa tupu. Alilifagia, akatandika majani, akatundika masega humo yakiwa ndani ya vitambaa yachuruzike polepole kwenye mabeseni, akafunga mlango. Asali ilipokwisha kuchujika akaihamishia kwenye ndoo na kuziacha humo humo.

Nilikwenda kuiona. Nilifika asubuhi, nikamkuta mjomba anapasua kuni.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwangaluka, mwanangu,” akaongeza salamu ya Kinyamwezi. “Njoo uone mambo yako.”

Akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na giza la joto na ndoo zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja imechorwa kwa mkaa mikato miwili na ule mmoja mfupi. Nilisimama katikati yake. Kwa mara ya kwanza niliona kazi yangu yote mahali pamoja, na haikuwa mbaya kuitazama. Mjomba alifunua ndoo moja, nikachovya kidole, nikalamba, nikainama nikanusa kwa ile pua yangu ya kusifiwa. Hakuna ukungu, hakuna uchachu, hakuna maji.

“Safi,” nikasema.

Niliporudi mjini nilimwambia msimamizi kwamba msimu ujao asiniandike. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamjibu siendi popote, nakaa. “Utarudi tu, mama,” akasema, hata hakuinua macho kutoka kwenye simu. Jioni ile nililichukua koti langu la ghalani, nikalimwagia mafuta ya taa uani na kulichoma. Lilitoa moshi mweusi mzito, na wapangaji wenzangu walifunga madirisha wakitukana. Walitukana sana, na mimi nilisimama pale nikifurahi kama bibi harusi.

Ni miezi ile ile binti yangu alipojifungua. Ameolewa kijiji cha Ntalikwa, mumewe ni mkulima, na nilikuwa nakwenda karibu kila siku kumsaidia. Mara ya kwanza niliponyoosha mikono kumpokea mtoto, binti yangu alisita, akatoa khanga safi kabatini, akanitandazia kifuani ndipo akanipa. Nilijiambia khanga ni ya siku chache, mwili unajisafisha, nimeacha. Nikawa naoga kwa malimau na majivu. Ngozi ya mikono ikachubuka, na khanga iliendelea kutandazwa.

Asali ilipoadimika, nilikodi gari dogo la mizigo kutoka Ipole mpaka mlangoni mwa duka. Mjomba alikuja nayo, amevaa shati lake la kanisani. Yule mama alitoka mwenyewe. Tulimwamkia, akaitikia, akamsalimia mjomba kwa Kinyamwezi kizuri kuliko changu, akaagiza stuli aletewe mgeni. Halafu akafunua ndoo ya kwanza.

Hakuchovya kidole. Alisogea nyuma nusu hatua, akageuza uso pembeni taratibu, kidevu kikagusa bega, akarudisha mfuniko. Akafunua ya pili na ya tatu, na kila mara alikuwa anageuza uso vile vile.

“Mwanangu,” akasema, “hii ni tumbaku.”

“Ni asali, mama. Onja.”

“Naiona ni asali. Mlikuwa mmeiweka wapi?”

Mjomba akajibu kwa fahari kwamba ilikuwa ndani ya bani, imefungiwa, hakuna hata sisimizi aliyeingia. Yule mama alimtazama bila dharau yoyote, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu dharau ningeijibu. Akatueleza kwamba asali huvuta kila harufu iliyo jirani nayo, na ikishavuta haiachii. Dar wakiifungua watairudisha, na yeye hatapata tena mtu wa kumwuzia. Akamwita mwuza samaki wa ng'ambo ya barabara aje anuse. Mtu anayekaa na dagaa mchana kutwa alinusa, akakunja uso, akasema, “Mh! Hii ya kuvuta au ya kula?”

Wao walicheka kidogo. Mimi niliingiza pua ndani ya ndoo mpaka ncha ikagusa asali. Nilisikia maua. Niliapa mbele ya watu kwamba nasikia maua tu, na mjomba, ambaye ameishi na tumbaku maisha yake yote, akanisaidia kuapa.

Nilidhani wanataka kushusha bei. Nilijaza kikombe, nikaenda Ntalikwa kwa bodaboda, nikamkuta binti yangu ananyonyesha. Sikumweleza lolote. Nikampa kijiko, nikamwambia aonje asali ya kwetu.

Hakukifikisha kijiko mdomoni. Aligeuza uso pembeni taratibu, kidevu kikagusa bega. Kisha akaona ninavyomtazama, akajilazimisha, akameza, akasema, “Tamu, mama.” Hapo ndipo niliposadiki. Nilikitupa kikombe shimo la choo, nikakaa kwenye kizingiti, na kinyaa kikanipanda, si cha asali, si cha mjomba. Kilikuwa cha hiki kitu kilicho katikati ya uso wangu.

Mjomba nilimkuta pale dukani gari lilipokuwa limeegeshwa, bado amekaa kwenye stuli ya watu. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kumfokea. Nilianza vizuri, nikamwita mshamba, nikamwuliza nani mwenye akili anaweka asali kwenye bani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Lilikuwa tupu, mwanangu,” akasema. “Na nililifagia. Na wewe ulikuja ukanusa.”



Ndoo zote zilichukuliwa na mama mmoja mpika wanzuki, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu naona haya. Wanzuki ni pombe ya asali, na ikichachuka hakuna anayeuliza ilinuka nini. Nilisikia walevi wake wameisifu, wakisema ya safari hii inashika kichwa. Walikuwa wanainywa akiba yangu na kuitapika kando ya njia, nami nilikuwa nalazimika kupita hapo. Jirani yangu aliniliwaza kwamba akiba haiozi. Nilimwambia kweli, haiozi, inanuka.

Mizinga bado iko juu ya miti. Mjomba anasema tungoje miombo ichanue tena, na safari hii ataitafutia asali nyumba nyingine. Nilimwuliza nani ataionja kabla hatujaileta mjini. Alifikiri, akataja majina ya nusu ya kijiji, na wote wanalima tumbaku.

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda ghalani kuandikishwa. Msimamizi hakunicheka. Alinipa koti jipya, bado lina mikunjo ya dukani, akasema, “Karibu, mama. Pua kama yako haipatikani.” Nikalivaa na kufunga vifungo vyote. Yule aliyekalia nafasi yangu, msichana wa kidato cha nne, alikuwa amefunga leso puani na macho yanamtoka machozi, akanipisha akishukuru.

Robota la kwanza lilikuwa limekwisha kukatwa kamba. Nikatia mkono mpaka kwapani, nikapapasa, nikachomoa majani ya katikati, nikayaleta puani na kuvuta pumzi ndefu, nikitafuta. Sikusikia kitu chochote.

“Safi,” nikasema.